Kofia za Waviking Hazikuwa na Pembe

Katika katuni na michezo ya kompyuta, shujaa wa kaskazini huvikwa kofia ya chuma yenye pembe, na wengi huamini Waviking, mabaharia na wapiganaji wa zamani wa Ulaya ya kaskazini, walivaa hivyo. Kofia yao inayojulikana zaidi, ya karne ya 10, ilipatikana Gjermundbu, Norwei, mwaka 1943. Haina pembe, ina kinga ya macho mfano wa miwani, na kwangu hiyo inapendeza kuliko pembe zozote. Zile zenye pembe zilizopatikana kwenye kinamasi cha Veksø, Denmark, mwaka 1942, ni za Enzi ya Shaba, zaidi ya miaka 1,500 kabla ya Waviking. Pembe zilienezwa na mavazi ya opera (tamthilia ya kuimbwa) ya Ujerumani, 1876. Ukikutana na picha kama hiyo, uliza: ni kifaa kilichofukuliwa, au mchoro? Kisha tazama tarehe kwenye maelezo ya makumbusho.