Manjano ya majani ya mchungwa si njaa ya mbolea kila mara

Wakulima wengi wa Uganda, wakiwemo wa Teso ambako michungwa imeenea, huamini kwamba majani yakigeuka manjano ardhi imechoka na samadi itauponya mti. Imani hiyo ina msingi, kwa kuwa upungufu wa virutubisho huleta manjano kweli.

Hata hivyo, upo ugonjwa unaofanana nao, unaosababishwa na bakteria wanaoishi katika mirija ya chakula ya mti. Huenezwa na mdudu mdogo mfyonza utomvu, na pia kwa vikonyo vya kubebeshea, yaani vijiti vya kuunganishwa kwenye mche mwingine, vilivyokatwa kwenye mti mgonjwa. Kwa hiyo mche wa bei nafuu uliouzwa kando ya barabara waweza kuuleta shambani. Mti ulioambukizwa hauna dawa ya kuuponya, na mbolea, ijapokuwa huupa nguvu kidogo, haiwaondoi bakteria.

Chuma jani lenye manjano, ulikunje kwa kufuata mshipa wa kati. Mabaka ya pande mbili yakilingana, yaelekea ni upungufu wa virutubisho. Yasipolingana, shuku ugonjwa. Kisha pasua chungwa katikati: la mti mgonjwa mara nyingi huwa dogo, limeenda upande, na mbegu zake zimesinyaa. Geuza pia majani machanga, kwani mdudu huyo akiwa mchanga huacha vishimo upande wa chini na vinundu juu. Dalili hizi hazitoshi kuthibitisha, hivyo mpelekee afisa kilimo tawi zima, si jani moja.