Kisauni Haigawanywi kwa Daftari la Wapiga Kura

Tangu usajili endelevu wa wapiga kura urudi tarehe 29 Septemba 2025, malalamiko yanayotufikia kutoka bara ya kaskazini ya Mombasa ni ya namna mbili. Kuna wanaosema kura zao "zilihamishwa" kutoka Kisauni zikapelekwa Nyali bila wao kuulizwa. Na kuna walioambiwa mitaani kwamba wakijaa kwa wingi kwenye daftari, Kisauni itakatwa tena na kupata mbunge wa pili. Wanaoyasema haya ni wananchi wanaolipenda eneo lao, na hilo ni jambo jema. Lakini yote mawili si kweli, na mwenye kuijua historia ya eneobunge hili hawezi kuyarudia.

Hadi uchaguzi wa 2007, Mombasa ilikuwa na maeneobunge manne: Changamwe, Kisauni, Likoni na Mvita. Kisauni ya wakati huo ilianza pale unapomaliza kuvuka Daraja la Nyali na kwisha kwenye hori la Mtwapa. Kongowea na soko lake, Frere Town, Mkomani, Bamburi, Shanzu na mashamba ya Mwakirunge, wote hao walikuwa na mbunge mmoja. Mwaka 1997 walimchagua Emmanuel Karisa Maitha kwa tiketi ya DP, na 2002 wakamrudisha kwa tiketi ya NARC. Maitha alifariki Ujerumani Agosti 2004 akiwa Waziri wa Utalii. Uchaguzi mdogo ukafanyika Desemba mwaka huohuo na Anania Mwaboza akachukua kiti. Mwaka 2007 kiti kikaenda kwa Hassan Joho wa ODM.

Hapo ndipo historia ya Kisauni ile inapokomea. Eneobunge lililopiga kura tarehe 4 Machi 2013 lilikuwa na jina lilelile, lakini mipaka yake ilikuwa mingine.

Katiba ya 2010 iliongeza maeneobunge ya nchi kutoka 210 hadi 290. Kazi ya kuyachora ilianzwa na tume ya mpito iliyoongozwa na Andrew Ligale, ikakamilishwa na IEBC, yaani Tume ya Uchaguzi na Mipaka, na mipaka ikachapishwa kwa Tangazo la Kisheria Namba 14 la tarehe 6 Machi 2012. Mombasa ilipata maeneobunge mawili zaidi. Jomvu ilitolewa Changamwe, na Nyali ikatolewa Kisauni. Nyali ilipewa wadi tano: Frere Town, Ziwa la Ng'ombe, Mkomani, Kongowea na Kadzandani. Kisauni ikabaki na saba: Mjambere, Junda, Bamburi, Mwakirunge, Mtopanga, Magogoni na Shanzu. Wasomaji wa Kadzandani naomba muisome sentensi hiyo mara mbili, maana kwenu ndiko malalamiko yalikozidi.

Sasa hili la kura "kuhamishwa". Daftari la kabla ya 2013 halikuhamishiwa popote, kwa sababu liliachwa kutumika. Kuanzia tarehe 19 Novemba hadi 18 Desemba 2012 Wakenya wote waliotaka kupiga kura walijiandikisha upya, safari hii kwa alama za vidole na picha. Aliyejiandikisha kwenye kituo cha Kongowea wakati huo alijiandikisha Nyali, kwa mkono wake mwenyewe. Hakuna afisa aliyechukua jina lake usiku akalivusha mpaka. Nasema hivi kwa msisitizo kwa sababu nimechoka kuyasikia maneno hayo yakirudiwa kwenye mikutano na watu ambao wangeweza kuuliza.

Juzi alikuja mzee wetu mmoja wa Kongowea na kadi yake ya zamani ya mpiga kura, kaitia plastiki, ncha zimekwisha kukunjika. Jina la eneobunge lilisomeka vizuri: Kisauni. Aliiweka mezani akasema, "Mwanangu, hii ndiyo hati yangu." Nilimjibu kwa heshima zote kwamba ni kumbukumbu ya kuhifadhiwa, ila siku ya kura haitamsaidia. Anachotakiwa kubeba ni kitambulisho cha taifa au pasipoti, ile hati aliyojiandikishia. Tulipolitafuta jina lake tulilikuta kwenye shule anayopita kila siku akienda msikitini, katika eneobunge la Nyali. Halikuwa limepotea hata siku moja.

Baada ya mgawanyo, ndugu hawa wawili, Kisauni na Nyali, kila mmoja alishika njia yake. Mwaka 2013 Joho alikuwa amekwenda kwenye ugavana. Kisauni ikamchagua Rashid Bedzimba wa ODM, na Nyali ikamchagua Hezron Awiti wa Wiper. Mwaka 2017 Bedzimba alishindwa na Ali Mbogo wa Wiper, kisha 2022 akakirudisha kiti. Ukilitazama jina la Kisauni peke yake, tangu Maitha aliporudishwa 2002 hakuna mbunge aliyechaguliwa mara mbili mfululizo. Nyali nako Mohamed Ali alishinda 2017 akiwa mgombea huru na kukitetea kiti 2022 kwa tiketi ya UDA. Kwa hiyo mtu akikwambia kuwa chama fulani "kimepoteza kura nusu Kisauni" kati ya 2007 na 2013, muulize kwanza anazungumzia Kisauni ipi. Zile kura za Kongowea na Mkomani hazikupotea. Zilihesabiwa Nyali.

Kwa kuwa nimemtaja mgombea huru, nieleze utaratibu wake, maana vijana wengi wanatuuliza. Kwa kiti cha ubunge anatakiwa kuungwa mkono na wapiga kura wasiopungua 1,000 waliosajiliwa katika eneobunge lilelile, na asiwe mwanachama wa chama chochote cha siasa katika miezi mitatu inayotangulia uchaguzi. Sahihi za marafiki walioandikishwa Mvita hazihesabiwi Nyali, hata wakiwa wamezaliwa Nyali. Na mgombea si lazima awe mkazi wa eneobunge analoligombea. Katiba inamtaka awe mpiga kura aliyesajiliwa, na haikutaja anakolala.

Nije kwenye hili la pili, la kujaza daftari ili Kisauni ipate mbunge wa pili, ambalo ndilo linaloniumiza zaidi, kwa sababu linawafanya watu wajisajili mahali wasipoishi. Maeneobunge hayagawanywi kwa idadi ya wapiga kura. Kifungu cha 89 cha Katiba kinaitaka Tume itazame idadi ya wakazi, yaani kila mtu aliyehesabiwa, mtoto wa kunyonya na mzee asiyepiga kura wakiwemo. Unachukua watu wa nchi nzima, unawagawa kwa 290, unapata kipimo. Kwa sensa ya 2019 nchi ilikuwa na watu 47,564,296, hivyo kipimo ni kama watu 164,015 kwa kila eneobunge. Katika miji mikubwa na sehemu zenye watu wachache sana, eneobunge linaruhusiwa kuzidi au kupungua kwa asilimia 40 na si zaidi. Kwingineko ni asilimia 30. Kwa jiji kama letu dari ni karibu watu 229,600.

Pima mwenyewe. Sensa hiyo iliikuta Kisauni ikiwa na watu 291,930. Imepita dari kwa zaidi ya watu 62,000. Likoni, yenye watu 250,358, nayo imepita. Nyali ina 216,577, iko ndani. Jomvu ina 163,415, karibu sawasawa na kipimo chenyewe. Mvita ina 154,171 na Changamwe 131,882. Kaunti nzima ina watu 1,208,333, na ukiigawa kwa kipimo unapata maeneobunge saba na ushei, ilhali tunayo sita. Kwa hiyo wakazi wa Kisauni wanaosema wamebanana hawakukosea. Hoja yao ina nguvu kabisa, na ningependa waisimamie kwa takwimu hizi. Kosa ni kudhani inapelekwa kwa kujaza daftari.

Litazame daftari la 2022 uone linavyokwenda njia tofauti na sensa. Likoni ilikuwa na wapiga kura 94,764. Mvita, ambayo ina wakazi wachache kuliko Likoni kwa watu zaidi ya 96,000, ilikuwa na wapiga kura 118,974. Sensa inakuhesabu ulikolala usiku ule. Daftari linakuhesabu ulikochagua kujiandikisha, na haliwahesabu walio chini ya miaka 18. Wapo watu wanaovuka feri kila asubuhi na usajili wao uko kisiwani, yaani Mvita, walikoishi zamani. Hawajavunja sheria. Lakini siku ya kumchagua mbunge wa Likoni, anayeuwakilisha mtaa wao Bungeni, hawana sauti.

Kwa anayetaka kuhama, sheria iko wazi. Unaiarifu Tume kwa fomu ya kuhamisha usajili siku zisizopungua 90 kabla ya uchaguzi. Uchaguzi mkuu ujao ni Jumanne tarehe 10 Agosti 2027, kwa hiyo usivuke mwanzo wa Mei 2027 hujafanya hivyo. Unakwenda mwenyewe, na kitambulisho chako, kwenye ofisi ya eneobunge unalohamia. Huandikishwi upya kana kwamba ndiyo mara ya kwanza. Karatasi ya kusubiri kitambulisho haikubaliwi, na tafadhali msiwagombeze makarani kwa hilo, kwani wao hawakuitunga sheria. Wala hakuna mtu wa kukufanyia kwa niaba: si mjumbe wa mtaa, si mgombea, si kijana mwenye matatu anayekusanya vitambulisho. Kutoa maelezo ya uongo ili uandikishwe, au kumwandikisha mtu ukijua hastahili, ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016. Adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi milioni moja, au kifungo kisichozidi miaka mitano, au yote mawili. Aliyekupandisha gari hatakaa kizimbani kwa niaba yako.

Kuhusu mgawanyo wenyewe, Katiba inataka mipaka ikaguliwe kila baada ya miaka isiyopungua minane na isiyozidi 12. Kwa mipaka ya Machi 2012, muda huo ulikwisha Machi 2024. Wakati huo Tume haikuwa na makamishna: waliokuwepo walimaliza muhula Januari 2023, na wapya waliapishwa Julai 2025. Wanaotuuliza kwa nini Kisauni haijaguswa, hilo ndilo jibu, na si hila ya mtu dhidi ya Pwani. Halafu kuna kanuni nyingine inayosahauliwa: uchaguzi mkuu ukiangukia ndani ya miezi 12 baada ya ukaguzi kukamilika, mipaka mipya haitumiki katika uchaguzi huo. Na hesabu ya 290 imo ndani ya Katiba yenyewe. Bila kuirekebisha Katiba, eneobunge linaloongezwa Mombasa ni eneobunge linalopungua mahali pengine, na wakazi wa huko nao wana mawakili. Sitabashiri Tume itaamua nini. Si kazi yangu.

Ninachoweza kuwaambia ni namna ya kusikika. Ukaguzi utakapoanza, Tume inalazimika kushauriana na wahusika wote. Mbali na idadi ya watu, itazingatia hali ya kijiografia na miji, mafungamano ya kihistoria, kiuchumi na kitamaduni, na njia za mawasiliano. Andikeni hoja zenu kwa wadi: watu wangapi, barabara gani, shule gani, mnakotibiwa ni wapi. Memoranda isemayo tu "tumedhulumiwa" haimsaidii afisa anayechora ramani. Uamuzi ukishachapishwa kwenye Gazeti Rasmi, yeyote asiyeridhika ana siku 30 za kwenda Mahakama Kuu, nayo inatakiwa kuamua ndani ya miezi mitatu tangu kesi iwasilishwe. Siku ya 31 ukija na ushahidi mzuri kiasi gani, msajili wa mahakama atakuonyesha tarehe.