Samoni hulisha msitu: masimulizi tu?

Wengi huamini kuwa maarifa ya wenyeji asilia ni masimulizi tu, na kwamba ushahidi hutoka maabara. Kwenye pwani ya Pasifiki ya Kanada na Marekani, wenyeji wamejua kwa vizazi vingi kwamba samoni na msitu hutegemeana. Samaki hao hutoka baharini na kurudi mtoni kutaga mayai, kisha hufa. Dubu huwaburuta hadi chini ya miti. Wanasayansi walipopima miti hiyo walikuta naitrojeni, kirutubisho cha mimea, iliyotoka baharini. Ni jambo zuri mno! Ukisikia dai la namna hii, uliza limelinganishwa na nini. Hapa walilinganisha miti hiyo na ile ya juu ya maporomoko ya maji, ambako samoni hawafiki: huko naitrojeni hiyo ilikuwa kidogo zaidi.