“Fundi, nizimie apdeti”

“Fundi, hizo apdeti zinakula bando na zinaleta virusi, nizimie.” Wiki hii nimeisikia mara nne hapa Ngarenaro, Arusha. Wa mwisho alikuwa mama mwenye steshenari, ambaye mashine yake moja inapokea flashi za mtaa mzima. Nikamwambia, shikamoo mama, kazi nyingine yoyote nitakufanyia, hiyo hapana.

Watu wanaona Windows inatangaza kila mwezi kwamba imeziba matundu, yaani makosa ya programu ambayo wahalifu huingilia, wanahitimisha kuwa mfumo ni mbovu na heri wabaki na wa zamani “usiosumbua”. Tundu halikuja na apdeti! Lilikuwemo tangu programu ilipoandikwa. Mfumo wenye mamilioni ya mistari ya kodi, yaani maandishi ya programu, haukosi makosa. Kinachobadilika siku kiraka, yaani apdeti ya kuziba tundu, kinapotoka ni kwamba siri imefichuka. Wahalifu hulinganisha faili jipya na la zamani, na palipobadilika wanajua ndipo pa kuingilia. Tangu siku hiyo, aliyezima apdeti yuko hatarini kuliko alivyokuwa jana yake.

Mwaka 2017, Machi 14, Microsoft walitoa kiraka cha tundu la SMB, njia ambayo kompyuta za ofisi hugawana mafaili na printa. Mei 12 WannaCry, programu ya kihalifu inayofunga mafaili na kudai fidia, ikalipuka kupitia tundu hilo hilo. Watu walikuwa wamepewa karibu miezi miwili. Ilifunga mafaili ya kompyuta zaidi ya laki mbili katika nchi zipatazo 150, na hospitali za Uingereza zikaahirisha maelfu ya miadi ya wagonjwa. Haikuhitaji mtu abofye chochote, ilijirukia yenyewe mashine hadi mashine. Nyingi zilizoanguka zilikuwa na Windows 7 ambayo mwenyewe hakuiwekea kiraka.

Bando naelewa, si dogo. Kwenye mipangilio ya Windows, weka mtandao wako kama wa kulipia kwa kipimo (metered connection), halafu ruhusu apdeti ishuke kwa bando la usiku. Laptopu iwe imejaa chaji kwanza, nasisitiza, maana umeme ukikatika katikati mashine inaweza kugoma kuwaka, na asubuhi mtu anakuja kwangu anaapa apdeti ni kirusi.

Wenye Windows 10 wanafurahi siku hizi kwamba haiwasumbui. Huduma yake ya kawaida ilikoma Oktoba 14, 2025. Asiyejiandikisha kwa huduma ya nyongeza hazibiwi matundu mapya, na huo ukimya ndio unaonitia hofu.

Wengine huniambia, “Mac haishiki virusi.” Mwaka 2012 kirusi cha Flashback kiliingia kwenye Mac zaidi ya laki sita, kupitia tundu la Java, programu ya ziada iliyokuwa ndani yake.

“Linux kodi yake iko wazi, kila mtu anaikagua.” Ni mfumo mwingine badala ya Windows; kodi yake iko wazi, ndiyo, na mimi mwenyewe naitumia. Lakini tundu lililoitwa Shellshock lilikaa ndani ya Bash, programu ya kupokea amri unazoandika kwenye Linux, tangu 1989 hadi Septemba 2014. Kodi kuwa wazi hakumaanishi kuna aliyeisoma.

Na ile ya kuwekewa Windows kwa kraki, programu ya kukwepa kulipia leseni, ya kwenye flashi, “mbona inafanya kazi vizuri tu”? Kraki inakuambia kwanza uzime antivairasi, kisha uiruhusu kama msimamizi. Ukishakubali hayo mawili, aliyeitengeneza hahitaji tena kutafuta tundu lolote. Mlango umemfungulia wewe. Mteja akija na mashine ya namna hiyo, nahifadhi mafaili yake, nafuta diski yote, naanza upya.