Je, ni kweli Israeli imepiga marufuku kuwahubiria Wayahudi Injili?

Habari inayozunguka sana ni kwamba ukimpa Myahudi kijitabu cha Injili mjini Yerusalemu, unafungwa miaka mitano. Hiyo miaka mitano imo kweli kwenye sheria, lakini kosa linaloadhibiwa ni lingine kabisa. Kumhubiria mtu mzima, kujadiliana naye na kumpa maandiko kunaruhusiwa.

Vifungu vinavyotajwa ni 174A na 174B vya sheria ya adhabu, vilivyopitishwa na Bunge la Israeli Desemba 1977. Ukimpa au kumwahidi mtu fedha au manufaa mengine ili abadili dini, kifungo ni hadi miaka mitano. Anayepokea, hadi mitatu. Chukua mfano wa kampeni za uchaguzi: mgombea anaweza kupita nyumba kwa nyumba akinadi sera mpaka sauti imkauke, ila akigawa khanga na sukari ili apigiwe kura, hiyo ni rushwa, na aliyepokea naye ana kesi ya kujibu. Sheria ya Israeli inafuata mantiki hiyo hiyo, tena haichagui dini. Myahudi anayemlipa Mkristo aingie Uyahudi naye kaivunja.

Utata uko kwenye hayo “manufaa mengine”. Wakristo wa huko walihofu tangu mwanzo kwamba matibabu au masomo ya bure ya misheni yangehesabiwa kuwa chambo. Kesi zilizofika mahakamani ni haba mno, kwa hiyo majaji hawajapata nafasi ya kuchora mpaka vizuri. Kwa aliye chini ya miaka 18 hakuna utata: bila idhini ya wazazi, kumshawishi abadili dini ni kosa.

Ukali huu kuhusu watoto una historia chungu. Juni 1858, mjini Bologna, Italia, polisi wa dola ya Papa (wakati huo Papa alitawala sehemu ya Italia) waliingia nyumbani kwa familia ya Mortara, Wayahudi, kumchukua Edgardo, mtoto wa miaka sita. Mtumishi wa nyumbani alikuwa amembatiza kwa siri alipougua akiwa mchanga, na sheria ya dola hiyo haikuruhusu mtoto aliyebatizwa alelewe na Wayahudi. Wazazi walihangaika miaka, hawakurudishiwa. Edgardo akaja kuwa padri. Ukiyajua hayo, huwezi kushangaa kwamba Wayahudi wengi humwona mmisionari kama mtu aliyekuja kuwapunguza.

Ndiyo maana Wamormoni, waumini wa kanisa lililoanzia Marekani, walipojenga kituo chao cha chuo kikuu kwenye Mlima Scopus mjini Yerusalemu miaka ya 1980, walilazimika kuahidi kwa maandishi kwamba hawatahubiri. Wanafunzi wao pia husaini ahadi hiyo.

Mapema 2023, wabunge wawili wa chama cha Wayahudi wanaoshika sana sheria za dini yao waliwasilisha muswada wa kufanya mahubiri yenyewe ya kumshawishi mtu abadili dini kuwa kosa la kifungo. Wainjili wa Marekani walipiga kelele, na Machi mwaka huo Waziri Mkuu Netanyahu akatangaza kwamba serikali yake haitausukuma mbele.