DPI 300 si ubora wa picha

"Nitumie ile ya Kilimanjaro, lakini iwe DPI 300." Sisi tunaopiga picha za mandhari kwa mapenzi tu tumeizoea mno kauli hii, na anayeitoa huwa na uhakika kama anayeagiza kilo mbili za sukari.

DPI ni idadi ya nukta zinazoingia katika inchi moja. Maana yake imeishia hapo. Kwa usahihi zaidi, nukta hizo ni vitone vya wino, kazi ya printa. Kwenye faili tunahesabu pikseli, vile vijipande vidogo vya rangi vinavyounda picha, kwa kila inchi, yaani PPI. Ndiyo maana printa ya Epson huandikwa 1440 au 2880 na bado ikaridhika na faili la 300: inahitaji vitone vingi vya rangi chache ili ipate rangi ya pikseli moja.

Kuchanganya herufi hizo ni jambo dogo, hata mafundi huchanganya. Kinachoniudhi ni kudhani kwamba 300 imo ndani ya picha. Haimo! Picha ikiwa bado kwenye kadi haina inchi, ina pikseli tu: 6000 kwa 4000 kwa kamera ya megapikseli 24. Inchi huja pale unapochagua karatasi. Ukiichapa kwa upana wa inchi 20, hiyo ni 300. Ukiichapa kwa inchi 40, picha ileile imekuwa 150. Ile namba inayoonekana kwenye sifa za faili ni kibandiko tu. Fungua Photoshop, ondoa tiki kwenye Resample (kubadili idadi ya pikseli), andika 72 au hata 3000, hakuna pikseli itakayoongezeka wala kupungua. Ukiiacha tiki na kuikuza picha, programu inabuni pikseli za kujazia, na mipasuko ya mawe ya kilele cha Mawenzi huanza kuonekana kama imepakwa nta.

Hiyo 72 nayo ni masalia ya Macintosh ya mwaka 1984. Skrini yake ilikuwa na pikseli 72 kwa inchi, zilingane na pointi, kipimo cha herufi cha wachapaji, ambazo ni 72 kwa inchi. Simu nyingi leo zimepita 400, na bado tunaambiwa "72 ni ya mtandaoni".

300 angalau ina mantiki: jicho zima likitazama karatasi kwa umbali wa sentimita 30, uwezo wake wa kutenganisha nukta unakomea karibu na hapo. Lakini picha ya ukutani nani anaitazama kwa sentimita 30, ukituondoa sisi wapiga picha? Ukiwa mita moja, 90 hivi zinatosha.

Kinachoharibu kweli ni WhatsApp. Ukituma kama picha ya kawaida, upande mrefu hushuka hadi pikseli 1600 hivi, ambazo kwa 300 hazijazi hata inchi sita. Tena anga ya bluu inayofifia kuelekea upeo inakatika michirizi, na pale theluji ya kilele cha Kibo inapokutana na anga panaota vijisanduku. Faili hilo liandike 300 ukipenda, vijisanduku vitabaki.

Kwa hiyo mwenzako akikuomba DPI 300, usimcheke. Muulize anachapa upana wa inchi ngapi na ataitundika wapi, kisha mtumie faili kamili kama dokumenti. Hesabu ya 300 watafanya huko huko studio wakishajua karatasi.