Jazi, hadithi za papo kwa papo na sauti za majaribio: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

Katika jioni ya namna hii, fanani hutunga hadithi palepale mbele ya watu huku bendi ndogo ya jazi ikimjibu. Mara nyingi huwapo pia mtu wa sauti za majaribio, mwenye pedali za kubadilisha sauti, vipande vya chuma, redio au piano iliyopachikwa vitu katikati ya nyuzi. Hadhira huona uhuru peke yake. Makubaliano yaliyoubeba uhuru huo hayaonekani, ndiyo maana wengi huielewa kazi hii visivyo, wakiwemo wanaoanza kuifanya.

"Ni ya papo kwa papo, basi haina mazoezi"

Mazoezi yapo, ila hadithi yenyewe haifanyiwi mazoezi. Kinachozoezwa ni namna ya kuanza, kupokezana na kumaliza. Jazi imekuwa hivyo siku zote: anayepiga solo ya bluzi huzunguka ndani ya vipimo 12 vya mapigo ambavyo wenzake wote wanavijua. Hata Ornette Coleman, mpiga saksafoni wa jazi, aliporekodi Desemba 1960 na kundi la watu wanane kwa karibu dakika 37 mfululizo, bila kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) zilizopangwa za kuwaongoza wapiga solo, alikuwa ameandaa vipande vifupi vya kumkaribisha kila mmoja wao.

Kwa kuwa fanani hawezi kukatisha sentensi aseme "punguzeni", ishara za mikono ni lazima. Mtunzi Walter Thompson alianza kujenga lugha nzima ya ishara mwaka 1974, na sasa ina zaidi ya 1,500. Mwanamuziki Butch Morris naye, kuanzia 1985, aliongoza makundi makubwa kwa ishara zake mwenyewe. Kikundi kipya kinatoshwa na sita: anza, nyamaza, punguza, baki peke yako, rudia hicho ulichopiga sasa hivi, malizia. Zizoezeni bila hadithi yoyote hadi mkono unapoinuka na sauti ikabadilika bila mtu kufikiri. Kisha angalieni mlivyokaa. Mpiga ngoma akiwa nyuma kabisa huona mgongo wa fanani tu, na ishara inayotolewa kifuani haimfikii. Kaeni nusu duara, au ishara zote zitolewe juu ya bega.

Fanani ana zoezi lake pia. Ajali inayotokea mara nyingi ni mhusika kuitwa jina moja dakika ya tatu na jina jingine dakika ya ishirini. Dawa yake ni kulitaja jina mara tatu ndani ya dakika ya kwanza, likwame kichwani mwake na mwa wasikilizaji.

"Kazi ya muziki ni kuigiza kila neno"

Fanani anasema "mvua", matoazi yanamwagika. Anasema "akakimbia", besi inakimbia. Mara ya kwanza watu hutabasamu. Mara ya tano wameshajua kitakachofuata, na hadithi imegeuka mchezo wa kubahatisha. Kuna ubaya mkubwa zaidi: bendi inayofuata maneno namna hiyo huwa nyuma ya fanani daima, kwa hiyo haimpi jambo jipya la kulijibu.

Muziki ubebe kile ambacho maneno hayajakisema. Mhusika anasema hana hofu; piano ikishika noti moja ya chini, ikairudia bila haraka, msikilizaji anajua kwamba mhusika anadanganya, na fanani mwenyewe amepewa njia ya kwenda. Kanuni inayosaidia sana mwanzoni ni hii: sentensi imalizike kwanza, kisha mwanamuziki ajibu, naye fanani asubiri jibu liishe. Kusubiri ndiko kugumu. Fanani wengi huogopa sekunde nne za kimya, wakazijaza kwa "na kisha, na kisha".

"Maneno yakifunikwa, fundi mitambo ataongeza sauti"

Hili ndilo linaloua jioni nyingi kuliko yote. Neno hueleweka kwa konsonanti zake, na sehemu kubwa ya nguvu ya konsonanti iko kati ya takriban hezi 2,000 na 4,000. Huko huko ndiko ukali wa saksafoni, tarumbeta na matoazi unakojaa. Fundi akipandisha maikrofoni ya fanani, maikrofoni hiyo inaokota pia matoazi yaliyo mita mbili nyuma yake, na akizidisha kidogo tu mitambo inaanza kupiga mluzi.

Suluhisho huanzia kwenye vyombo. Fanani anaposema, mpiga ngoma ahamie kwenye brashi na aache toazi kubwa. Saksafoni ishuke chini au inyamaze. Piano iache mkono mmoja upumzike, hasa eneo la katikati ambako sauti ya mtu hukaa. Besi inaweza kuendelea, kwa kuwa haigombanii nafasi ya konsonanti.

Baada ya hapo mitambo inasaidia kweli. Tumieni maikrofoni ya dainamiki inayopokea sauti ya mbele, umbali wa sentimita 5 hadi 8 kutoka mdomoni, na umbali huo usibadilike: kutoka sentimita 5 hadi 20 sauti hupungua takriban desibeli 12, na hakuna fundi anayeweza kufukuzana na kichwa kinachoyumba. Ondoeni masafa yaliyo chini ya hezi 100 kwenye sauti ya fanani. Ikiwa maikrofoni imo kwenye stendi na ni ya aina inayokataa sauti ya nyuma, spika ya fanani ya jukwaani iwekwe mbele yake, ikielekea mkia wa maikrofoni. Halafu mtu mmoja asimame ukuta wa nyuma wakati bendi nzima inapiga na arudie sentensi aliyoisikia. Akikosea maneno mawili, punguzeni bendi, msiongeze maikrofoni.

"Sauti za majaribio ni kelele yoyote"

Mtunzi John Cage alipopachika vitu kwenye nyuzi za piano mwaka 1940, kila kitu kilikuwa na mahali pake na sababu yake. Mtunzi Pierre Schaeffer mwaka 1948 alikata na kupanga sauti za treni zilizorekodiwa kwa uangalifu uleule wa mtunzi wa noti. Sauti ngeni lazima ichaguliwe, izoezwe na ijulikane inavyozimwa.

Piano iguswe kwa ruhusa ya mwenyewe tu. Tumia mpira laini au vipande vya kitambaa kizito, epuka nyuzi nene zilizozungushiwa shaba, usiguse vile vipande vya sufu vinavyonyamazisha nyuzi, na uhesabu vitu ulivyoingiza ili utoe idadi ileile. Maikrofoni ya kubandika kwenye chuma au mbao inahitaji tundu lenye ukinzani wa takriban omu milioni 1. Ukiichomeka kwenye tundu la kawaida la mixa (mashine ya kuchanganya sauti), sauti inatoka nyembamba isiyo na besi, na watu hudhani kifaa ni kibovu. Lupu, yaani sauti inayonaswa na kifaa na kurudiwa tena na tena, ina hatari yake: ikishika noti, bendi yote imefungwa kwenye ufunguo wa noti hiyo. Tabaka tatu zinatosha, na usinase maneno ya fanani wakati hadithi inaendelea, maana yatagongana na yale anayoyasema sasa.

"Asiyeijua jazi hataelewa"

Si kweli. Anachohitaji kukifuata ni hadithi. Akiombwa neno la kuanzia, aulizwe kitu cha kushikika, kama kifaa cha nyumbani kwake kisichofanya kazi. Ukiomba "neno lolote", utapewa "upendo", na fanani hana pa kuanzia.

"Kwa kuwa hakuna kilichoandikwa, hakuna kosa"

Noti isiyotarajiwa inaokolewa kwa kuirudia kwa makusudi. Kosa lisilookoleka ni kutosikilizana, na hujitokeza waziwazi mwishoni: hadithi imefika, fanani amenyamaza, mtu mmoja anaanza solo nyingine, wengine wanamfuata kwa adabu, na dakika sita zinapita. Ishara ya kumalizia iwe ya fanani peke yake. Sentensi ya mwisho ikisemwa, toazi liachwe lilie hadi life lenyewe, lupu ishushwe polepole kwa sekunde 10, na fundi asiwashe muziki wa kanda mpaka watu waanze kuinuka vitini.